Khulud Anaongea na Maiti

Tandika, Temeke
12 Oktoba 2024

Shangazi Bahiya,

Shikamoo. Sie huku wazima, tunalalamika joto tu. Haroub anakusalimu sana, amepanua duka la vitambaa na sasa tunauza mpaka mapazia, kwa hiyo mume wangu siku hizi anajiona tajiri. Watoto wanasoma, wanagombana, wanakula. Barua anakuletea Muhsin mdogo wangu. Tangu apewe basi la Tanga amekuwa na maringo, anavaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha, umvumilie.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Shangazi, simu nyie mnayo moja, na ni ya mwanao Salsabil. Wewe bila spika husikii, na spika ikiwashwa naye anasikia kila kitu pale kitandani. Kuna mambo nataka tuongee mie na wewe tu. La kwanza ni yeye mwenyewe. Tangu operesheni ya mgongo, kila nikipiga na kuuliza hali anajibu yeye, anasema yuko fiti, halafu anacheka. Kile kicheko mie sikipendi. Niambie wewe: miguu inaitika au haiitiki?

La pili ni langu. Ulipohamia Tanga kumuuguza mwanao, uliniachia kazi yako ya kuosha maiti, na kamati ya mazishi ya akina mama ikakubali kwa sababu ni wewe uliyesema. Sasa kamati haikubali tena. Wiki iliyopita alifariki Bi Zuwena, yule wa nyuma ya soko, aliyekuwaga ananinyonyoa nywele nikiwa mdogo akidai ananisuka. Nikaitwa. Shangazi, mie siwezi kuosha kimya kama wewe. Nilimwambia, Bi Zuwena, maji haya ni ya uvuguvugu, usiogope. Nikamwambia sasa nakugeuza ubavu, samahani kidogo. Nikamkumbusha zile nywele. Nikalia, tena sana, mpaka Munira akanipokonya kata. Tukachelewa. Wanaume walikuwa nje na jeneza, sala ya Adhuhuri ikapita, ikabidi asaliwe baada ya Alasiri, na imamu akaja kulalamika kwa Munira kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kamati.

Munira alinisema mbele ya watu wote. Akaniambia, "Khulud, maiti hakusikii. Wanaokusikia ni waliosimama nje."

Nimepewa muda mpaka Ramadhani. Nijirekebishe au nikae pembeni, achukue mwingine. Shangazi, usinicheke, kazi hii naipenda. Dukani nauza kitambaa, mtu anaondoka, yamekwisha. Kule nikimaliza na mtu nahisi nimemfanyia jambo ambalo hakuna mwingine angemfanyia vile. Sitaki kuiacha. Nitafanyaje?

Mwanao,
Khulud


Ngamiani, Tanga
3 Novemba 2024

Khulud mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipokea kwa Muhsin na miwani yake nimeiona, nikamwambia avue aingie ndani kama mtu. Huku mvua za vuli zimeanza, ukuta wa uani umelowana, jirani yetu kaoza binti na ngoma zimetukesha siku mbili. Nakuletea machungwa ya Muheza. Mpe Haroub aonje, aache kujiona tajiri. Salsabil anaendelea.

Sasa hilo lako. Nimesoma nikasikitika, na sikusikitika kwa sababu ya Munira, nimesikitika kwa sababu yako. Nilikufundisha nini mie? Funika mwili shuka, anza kulia halafu kushoto, tumbo libonyeze polepole, nywele suka mikia mitatu, maji ya mwisho yatie karafuu maiti, funga mdomo wako. Huna jingine la kufanya mle. Mtu amekwenda, haki yake kwako ni usafi, sitara na haraka. Hakuagiza maongezi.

Unadhani mie sina moyo? Nimeosha Temeke tangu wewe hujazaliwa. Nimeosha vichanga, nimeosha vikongwe, nimewaosha mashoga zangu niliokuwa nikila nao. Nilimuosha mama yangu, bibi yako, na sikutoa chozi, na wote waliokuwepo wakasema Bahiya ni mwanamke. Ukiruhusu moyo uingie mle ndani kila siku, utakula nini jioni? Utalalaje? Ndiyo hivyo umeanza kuwa. Huandiki kama mtu aliyetulia.

Ushauri wangu, na usinune: kaa pembeni mwaka mmoja. Uza mapazia. Moyo ukishakomaa utarudi.

Shangazi yako,
Bahiya


Tandika
24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Machungwa yamefika, yameliwa, yamekwisha. Haroub kala nusu nzima akasema hakuna tajiri anayekula machungwa mengi hivyo, kwa hiyo umeshinda. Mtoto wa pili alipata homa, sasa anaruka. Dar joto limezidi, umeme unakatika, tunauza dukani tukijipepea na maboksi.

Umenijibu kurasa mbili juu yangu, na juu ya Salsabil umeandika maneno mawili. "Salsabil anaendelea." Anaendelea na nini, Shangazi? Nakuuliza tena.

Nimejaribu ushauri wako, sikukaa pembeni lakini nilijaribu kufunga mdomo. Kulikuwa na mama mmoja wa Yombo. Nilimuosha kimya, kulia, kushoto, karafuu maiti, tayari. Munira alinishika bega akasema sasa ndiyo kazi. Nikarudi nyumbani, Shangazi, nikashindwa kukaa. Nilifagia uwanja, nikakaa, nikainuka nikaufagia tena. Nikamgombeza Haroub kwa kuwa amekoroga chai kwa kelele. Dukani mteja kataka mita tatu mie nikamkatia tano, na kitambaa chenyewe cha rangi nyingine. Usiku nilijiuliza yule mama alikuwa anaitwa nani, nikagundua sikumuuliza mtu. Niliosha mtu nisiyemjua hata jina.

Halafu Jumatano tuliitwa kwa binti wa miaka kumi na tisa, kafa na uzazi. Mtoto amepona. Mama wa binti alikaa mlangoni amekibeba kile kichanga, hakulia, alikuwa anatikisa tu goti. Niliingia nimejiapiza kufunga mdomo. Nikamuosha. Nikafika kwenye nywele, nasuka mkia wa kwanza, nikakumbuka kitu. Huyu binti alikata roho kabla hajaonyeshwa mtoto. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Basi nikamwambia. Nikamwambia umepata wa kike, ana nywele nyingi, analia vizuri, na mama yako ndiye kambeba, yuko hapo mlangoni. Ndiyo kwanza yule mama akaanza kulia, na mie nikalia, na mwanamke aliyekuwa anamwaga maji akaiweka kata chini akalia. Tulichelewa tena. Munira alitoka nje.

Niambie nilikosea wapi. Nakuuliza kwa dhati, maana nimefikiri siku nne sijaona.

Khulud


Tandika
5 Januari 2025

Shangazi Bahiya,

Shikamoo, natumai mmeuona mwaka mpya salama.

Muhsin amefika kwenu mara tatu na mara tatu amerudi mikono mitupu. Anasema unamkaribisha chai ukumbini, mlango wa chumba umefungwa, na akitaka kuingia kumsalimu Salsabil unamwambia amelala. Saa nne asubuhi, Shangazi?

Munira kanitoa. Hakungoja Ramadhani. Nilimfuata kwake nikamuuliza kosa la pili ni lipi, maana yule mama wa binti mwenyewe alikuja dukani kunishukuru, akanishika mikono mbele ya wateja. Munira akaniangalia kwa huruma, akasema wakati kamati inabishana nibaki au nitoke, simu ilipigwa kutoka Tanga. Ulimpigia wewe. Ukamwambia nimeshindwa, moyo wangu mbichi, naongea na maiti kama naongea na walio hai, ni aibu kwa jina lako, anitoe kabla sijaharibikiwa akili.

Wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya kwanza. Wewe ndiye uliyenitoa. Na hukuniambia. Nimekuandikia barua nakuuliza nilikosea wapi, kumbe jibu ulishampa Munira.

Nimeumia. Sijui kuandika kwa ustadi kuliko hapo. Sasa hivi nauza mapazia kama ulivyotaka, na kila jeneza likipita barabarani naacha mita juu ya meza natoka nje nalitazama, Haroub ananirudisha ndani.

Msalimie Salsabil, kama anaamka.

Khulud


Ngamiani, Tanga
16 Februari 2025

Khulud,

Salamu za nyumbani utapewa na Muhsin, leo sina. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana, hii naimaliza vyovyote itakavyokuwa.

Uliuliza miguu inaitika au haiitiki. Haiitiki. Daktari aliniita pembeni mwezi wa Septemba akaniambia haitarudi. Sikumwambia Salsabil. Sikukwambia wewe kwa kuwa wewe ungelia kwenye simu, naye angesikia. Nilijiambia nitamwambia akipata nguvu. Nikawa nafunga mlango, naingia, nafanya kazi zake, natoka.

Mie ndiye ninayemuogesha. Kila asubuhi, pale pale kitandani, maana hawezi kwenda bafuni. Wakati wote ule nilidhani namuogesha vizuri. Hakuwahi kupata kidonda hata kimoja, muuguzi anayekuja kumtazama alinisifu. Mwishoni mwa Januari, asubuhi, namuogesha kama kawaida. Nimemfunika shuka. Nimeanza upande wa kulia, nikahamia kushoto. Nikabonyeza tumbo. Nikamgeuza ubavu, nikamrudisha, sikusema kitu, huwa sisemi kitu. Povu lilimwingia usoni akafumba macho. Nikachukua maji nikamsafisha uso, halafu nikapitisha kiganja juu ya macho yake kutoka juu kwenda chini, kama ninavyofanya.

Akanishika mkono. Akasema, "Mama, mie sijafa."

Khulud, mkono ulibaki hewani. Nikatazama chini, miguu yake nilikuwa nimeshaiweka sambamba, vidole vya miguu vikiangalia juu, na shuka nimelikunja pembeni kama sanda. Sikujua. Wallahi sikujua nilikuwa nafanya hivyo. Nimemlea yule mtoto, nilikuwaga nikimuogesha kwenye beseni namwimbia, alikuwa hapendi kutoka majini. Sijui mikono ilibadilika lini. Kumbe miezi yote hiyo amelala hapo ananiona namuosha kila siku asubuhi, na ananyamaza, na wewe ukipiga simu anakwambia yuko fiti.

Tangu siku hiyo hataki nimguse. Nimemleta binti wa jirani, akamkataa kwa adabu. Anajifuta mwenyewe na kitambaa pale mkono unapofika, na mgongoni haufiki. Nimemuomba, nimemkaripia, nimemletea mpaka imamu wa hapa, astaghfirullah, imamu na kuoga wapi na wapi. Mwishoni akaniambia anachotaka. Nilipompigia Munira juu yako, spika ilikuwa imewashwa na yeye alisikia yote. Alisikia namna unavyowaambia watu maji ni ya uvuguvugu na sasa unawageuza. Akasema anataka yule Khulud anayeongea.

Ulitaka kujua ulikosea wapi. Sijui. Zamani ningekujibu. Najua tu kwamba nikifungua mdomo mbele yake wakati namwagia maji nitalia, na nikilia atajua daktari kasema nini. Ndiyo maana nilifunga mdomo. Halafu nikakufunga na wewe.

Sina uso wa kukuomba. Nakuomba.

Bahiya


Tandika
19 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani na nikalia mbele ya wateja wawili na fundi Adelard anayetushonea mapazia, naye akaenda kuninunulia maji. Haroub kasema niende, watoto atabaki nao yeye, wali ataunguza lakini watakula.

Kesho kutwa nakuja na basi la Muhsin la asubuhi. Bado nimekukasirikia, ujue hivyo kabla sijafika, nisije nikakaa kwako najifanya yamekwisha. Nitakukasirikia hukohuko huku tunakula pamoja.

Nina mambo mawili. Nitamuogesha Salsabil, lakini wewe hutatoka chumbani. Utashika taulo, utakaa, utasikiliza. Ukilia, lia. Na la pili, akiniuliza juu ya miguu yake sitamdanganya. Siwezi kuwaambia ukweli wafu halafu nikamficha aliye hai. Kama hutaki asikie kutoka kwangu, mtangulie.

Usimwambie nakuja. Hapana, mwambie. Asije akashtuka.

Khulud


Ngamiani, Tanga
13 Aprili 2025

Khulud mwanangu,

Umerudi kwako salama, tumeshukuru. Idi kwetu ilikuwa ya watu wawili na majirani, tulikula biriani aliyoileta Muhsin kutoka kwa Haroub, na mwambie Haroub tumemsamehe chumvi. Salsabil anakusalimu. Kakaa kwenye kiti cha magurudumu ulichokitafuta, yuko dirishani anasema watu wa mtaa vibaya. Anataka kuanza kusomesha watoto hisabati hapahapa nyumbani, kesho wanakuja wawili wa kwanza. Nimemwambia nyumba itajaa makelele, akasema ndiyo anachokitaka.

Nimempigia Munira. Spika imewashwa, Salsabil kakaa pembeni yangu akihakikisha sibadilishi maneno. Nimemwambia nilikosea juu yako. Munira akasema lile la sala kupita bado ni la kweli, watu hawawezi kusimama juani na jeneza. Nikamwambia kwa hilo yuko sawa. Tumekubaliana uitwe wa kwanza, wewe kabla ya yeyote, uanze mapema, upate muda wako. Munira akasema pia kuna jambo hajakwambia. Dada yake ni mgonjwa, na juzi katika maongezi huyo dada ameulizia kama Khulud bado anaosha. Atakuja dukani mwenyewe. Usimringie. Na ukimringia, iwe kidogo.

Sasa nikwambie ya kwetu. Mwezi mzima ulipokuwa hapa nilishika taulo kama ulivyoagiza. Nilikusikiliza unavyomsimulia habari za Tandika huku unamsugua mgongo, namna mnavyocheka, namna unavyomuuliza kila kitu kabla hujagusa. Alikuuliza miguu, ukamwambia jibu liko kwangu, ukanitazama mie, nikatoka. Ulinifuata uani ukanigombeza, nikakuacha unigombeze. Uliondoka nikiwa sijamwambia. Najua ulipanda basi na hasira yako.

Asubuhi ya kwanza bila wewe niliingia na beseni. Alinitazama. Sikujua nianzie wapi, maana kila sehemu ya kuanzia ninayoijua ni ile. Nikapiga magoti chini nikaanza miguuni. Kazini miguu huwa ya mwisho. Nikaishika, Khulud, ni mizuri, ina nyayo za baba yake. Nikamwambia, sasa nakusugua kisigino. Akasema haya. Nikamwambia, sasa vidole. Akasema haya. Nikasema, "Salsabil, daktari aliniambia haitarudi. Aliniambia tangu Septemba."

Akasema anajua. Muuguzi alimwambia mwezi huohuo kwa sababu alimuuliza. Alijua miezi yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha nihangaike nalo peke yangu. Akaniambia alikuwa anangoja nimlilie, na nilipokuwa silii akadhani kwangu ameshakwisha.

Nililia, mwanangu. Nilimlilia yeye, nikamlilia mama yangu ambaye sikumlilia, na shoga yangu mmoja wa Mtoni niliyemuosha, na vichanga vyote vile, nimekumbatia miguu isiyonisikia na povu limeniingia hadi mikononi mwa nguo. Sijui tulikaa muda gani. Alinipapasa kichwa, hakunihimiza.

Mwishoni akasema, "Mama, maji yamepoa."

Nikainuka, nikaenda kupasha mengine.

Shangazi yako,
Bahiya